Mhuni aliyeondoa viroba kwenye utoro wa lambo ni mimi

Ndugu Mhariri,

Huu ni mwaka wa kumi na tisa ninalisoma gazeti lenu, na katika muda wote huo sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipochapa ramani iliyoonyesha mto wetu ukitiririka kuelekea mlimani. Kilichoninyanyua kitini safari hii ni taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu lambo la udongo lililoko juu ya bonde letu, ile iliyosifu busara ya watu waliopanga viroba vya mchanga kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, ili maji yasipotee bure, na iliyomalizika kwa kuwalaani wahuni wasiojulikana walioviondoa viroba hivyo usiku wa manane. Ningependa kuwapunguzia waandishi wenu kazi ya uchunguzi. Mhuni huyo ni mimi. Nilikuwa na mwanangu, tochi moja na koleo moja, na tungekuwa na koleo la pili tungemaliza mapema zaidi.

Mwandishi wenu ameliita lambo lile hazina ya maji, akafurahi kwamba limejaa pomoni. Halikujengwa kuwa hazina. Lilijengwa kuzuia mafuriko, na lambo la kuzuia mafuriko lililojaa kabla ya mvua kubwa halina faida kwa mtu yeyote aliyeko chini yake, kwa sababu nafasi tupu ndiyo mali yake. Maji ya dhoruba huingia kwa kishindo na kutoka polepole kupitia bomba lililolazwa chini ya tuta, ambalo upana wake umechaguliwa kwa makusudi kuwa mdogo, ili mto upokee kwa siku kadhaa kile ambacho ungekipokea kwa saa chache. Kisha lambo hushuka na kungoja mvua nyingine. Utoro, yaani ule mfereji mpana uliochongwa pembeni katika ardhi asilia, umewekwa chini kuliko kilele cha tuta kwa ajili ya siku ile ambayo mvua itazidi uwezo wa bomba. Maji yanayopita hapo hayapotei, Ndugu Mhariri. Yanatoka mahali palipotengwa ili yasitoke mahali pengine.

Mahali pengine ni juu ya tuta. Ukuta wa zege unaweza kuvumilia maji yakiupita juu kwa muda, lakini tuta la udongo, hata likiwa na kiini cha udongo wa mfinyanzi na limeshindiliwa tabaka kwa tabaka kama inavyotakiwa, haliwezi. Maji yakishapata sehemu moja iliyotitia kidogo juu ya kilele hukusanyika hapo, huteremka kwa kasi upande wa nyuma na kuchimba kijifereji, kijifereji kinakuwa korongo linalorudi nyuma kuelekea kwenye lambo lenyewe, na kuanzia hapo hakuna viroba wala maombi vitakavyolizuia. Kwa hiyo anayeinua utoro kwa tabaka tatu za viroba hajaongeza maji. Amepunguza kwa kimo hichohicho nafasi iliyobaki kati ya wote walioko bondeni na shimo la kaburi.

Wala msidhani nilikurupuka kwenda usiku kama mwizi. Viroba niliviona siku nane kabla, na pamoja navyo niliona wavu uliotandazwa kukatiza utoro mzima ili samaki wasiondoke, wavu ambao ulikuwa tayari umenasa matawi, majani makavu, mabua na ndala moja ya mtoto, ukageuka kuwa ukuta wa pili. Nilikwenda kwenye ofisi inayohusika, ambayo sitaitaja. Siku ya kwanza niliulizwa kama nina barua ya utambulisho, nami nikajibu kwamba sikuja kujitambulisha mimi bali kuwatambulisha kwa lambo lao. Siku ya pili nilirudi na barua, nikaambiwa kwamba mtaalamu wa mabwawa yuko safarini kwenye semina ya kukabiliana na maafa. Siku ya tatu nilimkuta kijana mmoja mpole sana ambaye alinisikiliza mpaka mwisho, akaandika kila nilichosema kwenye karatasi, kisha akaniuliza kama ningependa lalamiko langu liingizwe kwenye jalada la uvuvi au jalada la barabara, kwa kuwa jalada la malambo halikuwapo. Siku ya nane mvua ilianza saa kumi jioni na haikukatika, na ilipofika saa nne za usiku maji yalikuwa shibiri mbili tu chini ya kilele cha tuta. Mke wangu aliniuliza kama tuhame au tukachimbe. Tulikwenda kuchimba. Kiroba cha kwanza kilipotoka maji yaliking'oa cha pili yenyewe, wavu ukakatika, na mpaka alfajiri lambo lilikuwa limeshuka kiasi cha kimo cha mtu aliyeketi. Hayo ndiyo maji ambayo gazeti lenu limeyaombolezea kwa safu mbili na picha. Nadhani Kiswahili kilijua kitakachotokea kilipotumia neno moja kwa mambo mawili: kwenye lambo letu utoro wa maji umezibwa, na ofisini utoro wa aina nyingine umeachwa wazi.

Mtaniambia kwamba ni woga wa mtu anayeishi chini ya tuta. Basi someni habari za bwawa la South Fork, juu ya mji wa Johnstown katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Lilikuwa bwawa la udongo, na wenyewe walikuwa klabu ya matajiri waliopenda kuvua samaki. Waliweka nyavu za chuma kwenye utoro ili samaki wao wasitoroke, walishusha kilele cha tuta ili magari ya farasi yapite vizuri, na mabomba ya chini yaliyokuwa yameondolewa kabla yao hawakuyarudisha. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikaziba nyavu, maji yakapita juu ya tuta, na watu 2,209 wakafa. Je, samaki walibaki? Na kama mnaona mwaka 1889 ni zamani mno, kumbukeni Derna, nchini Libya, Septemba 2023, ambako mabwawa mawili yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa kazi hiyohiyo ya kuzuia mafuriko yalivunjika usiku mmoja na kuua maelfu ya watu waliokuwa wamelala chini yake wakiamini kwamba yanawalinda.

Kwa kuwa nimeshaanza, acha niseme na la miti. Mwaka juzi mlichapa kwa furaha picha ya mgeni rasmi akipanda mche juu ya tuta hilohilo, na nyuma yake wanafunzi wamepanga mstari, kila mmoja na mche wake. Ninapenda miti kama mtu mwingine yeyote, lakini tuta huvikwa nyasi fupi, si msitu. Mizizi ya mti hupenya ndani ya udongo ulioshindiliwa kwa gharama kubwa, na siku mti unapokufa mizizi huoza na kuacha vijitundu ambavyo maji huvifuata kama mtu anayefuata njia aliyoonyeshwa. Mti ukiangushwa na upepo huondoka na kipande cha tuta. Na katika kivuli chake fuko na mchwa hufanya wapendavyo bila kuonekana. Leo miche ile imenizidi urefu, na ukisimama chini ya tuta huwezi tena kuona kama kuna mahali panapovuja. Kuona huko ni jambo kubwa. Maji meupe yanayochuruzika chini ya tuta mara nyingi si ya kutisha sana, kwa maana kila tuta la udongo hupitisha kiasi fulani. Maji yenye tope yanamaanisha kwamba tuta linaliwa kutoka ndani. Katika bwawa la Teton huko Idaho, Marekani, ambalo lilikuwa la udongo na lenye kimo cha mita 93, maji ya tope yalionekana asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976, na kabla ya saa sita mchana bwawa lilikuwa limevunjika. Kama bwawa kubwa hivyo, lenye wahandisi na matingatinga yaliyoitwa kuja kuziba shimo, lilimalizika ndani ya asubuhi moja, letu lenye msitu na jalada la uvuvi litachukua muda gani?

Ninachokiomba hakihitaji semina. Aajiriwe mtu mmoja, apewe panga, koleo, daftari, koti la mvua na chupa ya kioo isiyo na rangi. Kila Jumatatu, na kila baada ya mvua kubwa, atembee juu ya tuta kisha chini yake, akinge maji yanayovuja kwenye chupa, aitazame dhidi ya mwanga, na aandike siku, kimo cha maji na rangi aliyoiona. Nguzo ipigwe rangi nyekundu mahali ambapo utoro unaanzia, na mtu yeyote atakayeweka kiroba juu ya alama hiyo ajaze kwanza fomu yenye majina ya watu wote wanaolala chini ya tuta, pamoja na sahihi zao. Miti ikatwe sasa, ingali michanga, na mizizi yake ing'olewe na mashimo yashindiliwe upya, jambo ambalo likicheleweshwa miaka kumi litageuka kuwa mradi.

Na kwa kuwa nimesikia kwamba kutakuwa na sherehe nyingine ya kupanda miti hapo lamboni, ninaomba kamati ya maandalizi iipange katikati ya msimu wa mvua, viroba vikiwa vimerudishwa mahali pake kama gazeti lenu linavyopenda, na hema la wageni lijengwe bondeni, upande wa chini wa tuta, viti vya mbele vikiachwa kwa ajili ya mgeni rasmi, mtaalamu wa mabwawa na mwandishi wenu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkazi wa bondeni
(Jina na anwani vimo ndani ya bahasha, endapo mnayo nia ya kuja kunikamata.)