Shukrani kwa mama wa chapati pale Mwenge

Mama, jina lako hatukuuliza, na hilo ni kosa letu. Sisi ndio wale wanafunzi watano wa uhandisi tuliokujia na mchoro wa meza ya mama lishe, tayari umepakwa rangi. Ratiba yetu ilikuwa wiki tatu za kuchora, moja ya kuunda, na siku moja tu ya kumwonyesha mtumiaji. Uliutazama, ukapangusa unga mikononi, ukauliza, "Wanangu, mmenipima?"

Hatukuwa tumempima mtu yeyote. Zile sentimita 90 za kimo tulizitoa kitabuni.

Ukatuacha tusimame hapo na futi kamba tangu alfajiri hadi wateja walipopungua. Tukaona unakandia unga kwenye beseni lililo juu ya kreti, chini kabisa ya kiwiko, maana kukanda kunataka uzito wa mwili. Kusukuma ukahamia juu kidogo. Meza moja, kazi mbili, vimo viwili! Na binti yako anayekupokea saa nne amekupita kwa kichwa kizima, naye huinama mpaka mgongo unamuuma.

Tulirudi tukaipangua ratiba yote: kutazama na kupima kwanza, mbao mwisho. Miguu ya meza sasa inapanda na kushuka kwa pini.

Zile chapati ulizotupa ukakataa hela hatujazisahau. Meza ikikamilika tunakuletea wewe kwanza, uikosoe.