Mashirika yalipie na siku za kabla ya igizo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme na mashirika yasiyo ya kiserikali yanayotumia vikundi vya sanaa kupeleka elimu vijijini, pamoja na wafadhili wanaoyapa fedha. Mimi ni mwigizaji na mpiga ngoma, mama wa watoto ambao wamesomeshwa na kazi hii, na naishi Magomeni hapa Bagamoyo.

Ombi langu ni moja. Mnapoandika bajeti ya mradi, msilipie siku ya onyesho peke yake. Lipieni na siku za sisi kukaa kijijini kabla hatujatunga chochote, halafu lipieni siku ya kurudi.

Nieleze kwanza kazi hizi zinavyotufikia. Afisa mradi anapiga simu, anataka igizo la dakika ishirini kuhusu uvuvi haramu, wiki ijayo Jumatano, saa nne asubuhi. Mchezo umeshaandikwa ofisini. Ndani yake yumo mvuvi mkaidi, mke mwenye busara, na mtaalamu anayetokea mwishoni kumwelimisha yule mvuvi mpaka akatubu. Tunafika, tunapiga ngoma watu wakusanyike, tunacheza, fulana zinagawiwa, karatasi ya mahudhurio inazungushwa, picha zinapigwa mbele ya bango, gari linageuza. Kwenye ripoti inaandikwa kwamba wanakijiji kadhaa wamefikiwa na ujumbe. Wamefikiwa, sikatai. Lakini hakuna aliyewauliza wao wanasemaje.

Sasa nitoe mfano wa kazi iliyofanywa kwa namna nyingine, maana nisije nikaonekana nalalamika tu. Shirika moja dogo lilitupeleka kwenye kijiji cha wavuvi upande wa kusini wa mji wetu, likatuambia tusiandike neno mpaka tumekaa na watu. Tulilala kwenye nyumba za wenyeji. Alfajiri tulikuwa ufukweni vyombo vinapoingia na mnada unapoanza. Sisi wanawake wa kundi tuliinama na akina mama kupara samaki, tukaanika dagaa kwenye chanja, tukachochea kuni chini ya makarai. Wenzetu wanaume walishinda na mabaharia wakiziba nyavu, jioni wakakaa na wazee kwenye bao.

Mambo mawili tuliyajua hapo ambayo hakuna ofisi iliyokuwa imetuambia. La kwanza ni mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa samaki hawafuati taa, kwa hiyo mbalamwezi ndiyo mapumziko yao. Onyesho lilikuwa limepangwa katikati ya siku hizo za giza la mwezi, saa nne asubuhi, wakati mabaharia wamerudi na usingizi wa usiku mzima. Wangekuja watoto wa shule na akina mama wachache, na wale hasa waliokusudiwa wangekuwa wamelala majumbani mwao. Tuliomba tarehe isogezwe hadi mbalamwezi na muda uwe baada ya alasiri. Shirika likakubali.

La pili lilikuwa zito zaidi. Igizo la ofisini siku zote linamlaumu mvuvi kwa kukosa elimu. Tukakuta wanajua kila kitu. Wanajua kwamba kokoro, ule wavu wa kuburuta, linakomba vifaranga vya samaki kwenye majani ya bahari. Wanajua Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na wanajua kwamba baruti inaua matumbawe, kwa sababu wao ndio wanaopita juu ya matumbawe yaliyokufa wakitafuta samaki mbali zaidi kila mwaka. Lakini nyavu si zao. Nyavu na chombo ni vya tajiri, kama wanavyomwita, na wengine katika matajiri hao hawaishi kijijini. Chombo kikirudi, mafuta ya mashine na chakula cha safari vinatolewa kwanza, kisha chombo na nyavu vinachukua fungu lao, ndipo mabaharia wagawane kilichobaki. Kijana akikataa kuvuta kokoro leo, kesho nafasi yake ina mwingine. Na akikamatwa, anayesimama mbele ya hakimu ni yeye.

Kwa hiyo tulitunga upya. Mvuvi mkaidi tukamtoa. Tukamweka kijana baharia ambaye mama yake anakaanga tasi, samaki wa kukopa mnadani, na tajiri anayefika ufukweni asubuhi na nyavu zenye macho madogo. Tukaufikisha mchezo pale kijana anapoambiwa ashike kamba avute, tukausimamisha hapo hapo. Mimi ndiye niliyekuwa mchokoza mada. Nikawageukia watu: "Jamani, huyu kijana afanyeje?"

Kwanza kimya, halafu vijana wakaanza kurushiana maneno. Ndipo bibi mmoja akainuka kwenye mkeka, akajifunga kanga kiunoni, akaingia uwanjani. Akamshika bega mwigizaji wetu aliyekuwa mama wa yule kijana, akamwambia, "Ondoka hapo mwanangu, nikae mimi." Akakaa penye karai. Kisha akamwita tajiri wa mchezo aje karibu, akamtazama na kumwambia, "Nyavu zako nimeziona. Mwanangu akikamatwa, faini unalipa wewe au nalipa mimi na hizi tasi zangu?"

Mwigizaji wetu aliduwaa. Jibu halikuwapo, maana hakuna aliyeliandika. Watu walishangilia, na kelele zilipotulia mzee mmoja nahodha akasema kutoka nyuma, taratibu tu, kwamba swali hilo alikuwa nalo moyoni tangu ujana wake na hakuwahi kulisikia likiulizwa hadharani. Mjadala uliendelea mpaka adhana ya magharibi. Wenye kijiji wakaamua wenyewe kwamba swali la bibi lipelekwe kwenye kikundi chao cha usimamizi wa rasilimali za bahari, ile BMU, na matajiri waitwe.

Shirika lilikuwa limetenga fedha za kurudi, kwa hiyo tulirudi. Sitasema kokoro limekwisha, kwa sababu halijaisha. Ila baadhi ya wenye vyombo walikuwa wameitikia wito, na makubaliano yalikuwa yameandikwa kwamba nyavu zisizoruhusiwa zikikamatwa, mwenye nyavu ndiye atakayewajibika, baharia asiachwe peke yake. Mabaharia wawili waliniambia wameshakataa kuvuta, na wangali na kazi. Kwangu mimi haya ni makubwa. Hakuna karatasi ya mahudhurio ambayo ingeweza kuyapima.

Namna hii ya kufanya kazi si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1982 na 1983 wataalamu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Penina Mlama, walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, wakiwashirikisha wanakijiji kutaja matatizo yao wenyewe, yakiwamo ya vijana na mimba za wasichana, na kuyafanyia ngoma na maigizo. Hapa kwetu Chuo cha Sanaa kilifunguliwa 1981, na Tamasha la Bagamoyo lilianza mwaka uliofuata. Huko Amerika ya Kusini, Augusto Boal wa Brazil alikuwa ameshawafundisha watu kwamba mtazamaji ana haki ya kusimamisha mchezo na kuingia mwenyewe. Yule bibi hajapata kusikia jina la Boal. Lakini amelelewa kwenye ngoma, na kwenye ngoma nyingi za pwani mtazamaji hakatazwi kuingia uwanjani. Mdundiko ukipita mtaani, watu huacha walichokuwa wakifanya wakaufuata.

Tena mafunzo kwa njia ya nyimbo na michezo ndiyo malezi yetu. Hakuna kungwi aliyemfunda mwali kwa dakika ishirini akaondoka. Anakaa naye, anaimba, anamwimbisha, anamuuliza, anarudia. Anamtazama usoni kuona kama limeingia.

Najua maofisa wa mashirika watasema nini, kwa sababu nimeshawahi kukaa nao mezani. Watasema fedha hazitoshi. Sisi kundini tumepiga hesabu: fedha za fulana, mabango, maturubai na viti vya kukodi vya siku moja zinatosha kuwalisha waigizaji wetu na kuwalipa posho ya wiki nzima kijijini. Wenyeji hutupa pa kulala. Tunachangia unga, mchele na mafuta. Watasema pia kwamba mfadhili anataka ujumbe maalumu ufike bila kupotoshwa. Hapo nakubaliana nao kwa mambo fulani. Kikizuka kipindupindu, maelezo ya kuchemsha maji na kuwahi kituo cha afya lazima yatoke kwa wataalamu yalivyo, na sisi tutayasema neno kwa neno. Lakini mambo ya riziki, ndoa za mabinti wadogo, ardhi, au watoto kuacha shule hayana jibu ambalo mtu mmoja anaweza kuliandika Dar es Salaam likafaa kila kijiji.

Jambo jingine ni vijana wetu. Mji huu una wapigaji, wachezaji na waigizaji waliofundishwa vizuri, pengine kuliko mji mwingine wowote wa ukubwa wake nchini. Wengi wanaishia kuchezea wageni kwenye hoteli za ufukweni, ambayo ni kazi halali, lakini si hiyo tu waliyosomea. Wanatuacha kwa sababu kazi za mashirika zinakuja kwa kushtukiza, na malipo yanafuatiliwa kwa miezi. Kijana anayejua kumsikiliza mwanakijiji, kumtungia mchezo usiku na kuucheza kesho yake mbele ya mtu huyo huyo bila kumvunjia heshima ni fundi. Alipwe kama fundi, na alipwe kwa wakati.

Na ripoti, jamani. Waliosema uwanjani waandikwe walichosema. Katika kazi ile ya kijijini, tulimwomba afisa mradi aandike swali la bibi kwenye ripoti kama lilivyotoka, bila kulifanya kuwa "changamoto za kiuchumi". Aliliandika. Baadaye alitueleza kwamba ndilo lililosomwa kwa sauti kwenye kikao chao na wafadhili, na kwamba kikao kilitumia muda mrefu hapo kuliko kwenye takwimu zote.

Kwa walio kwenye kuandaa maandiko ya miradi sasa hivi, naomba haya. Msitume mchezo ulioandikwa. Tumeni mada, sisi na wanakijiji tutatunga. Kabla ya kupanga tarehe kwenye kijiji cha wavuvi, ulizeni mwezi uko wapi, na kwenye vijiji vya wakulima ulizeni kama ni wakati wa palizi. Mjadala baada ya igizo usikatwe eti gari linataka kuondoka. Na wekeni fungu la kurudi, hata kama ni mara moja tu.

Kundi letu hufanya mazoezi jioni hapa Magomeni. Afisa mradi yeyote anayetaka kuja kukaa nasi kabla hajamaliza andiko lake, karibu sana. Tutampeleka ufukweni alfajiri akajionee mnada, na tutamjulisha kwa bibi yule akipenda kumuuliza lolote.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama mwigizaji,
Magomeni, Bagamoyo