Barua ya Wazi kwa Waziri wa Usafiri wa Baharini na Sera ya Visiwa wa Ugiriki: Amorgos Ina Watu Hata Wakati wa Baridi

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Amorgos. Nakala ya Kigiriki ya barua hii nimekwisha kuituma ofisini kwako Piraeus, bandari ya Athens. Hii ya Kiswahili naiandika ili jamaa zangu wa Pemba, pamoja na Waswahili wengine ambao ndoa au kazi imewaleta katika visiwa vya nchi hii, wajue ninachokiomba na waniunge mkono wakiona nina haki. Ninachokiomba ni kwamba ratiba ya meli ya majira ya baridi ipangwe kwa kumfikiria mtu anayeishi kisiwani, kwa kuwa ratiba hiyo ndiyo inayoamua lini mgonjwa atamwona daktari, lini duka litapata mboga mbichi, na lini kijana anayesoma Athens atakuja kuwaona wazazi wake.

Kisiwa chetu kina wakazi wapatao 2,000 na bandari mbili, Katapola na Aegiali, na hakina uwanja wa ndege, kwa hiyo kila mtu na kila kitu hupita baharini. Mwezi wa Julai na wa Agosti hatuna la kulalamikia, maana meli za kasi na za kawaida hufuatana usiku na mchana, zikileta sehemu yetu ya wageni zaidi ya milioni 30 wanaoitembelea Ugiriki kwa mwaka. Hata meltemi, kaskazi kavu ya kiangazi inayoweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, haitutesi sana katika miezi hiyo, kwa sababu abiria aliyekwama leo huwa na meli nyingine ya kumchukua mara bahari itakapotulia. Oktoba inapokwisha, hoteli hufungwa, meli za kasi huondolewa, nasi hubaki na safari chache kwa wiki, ambazo nyingine hutia nanga usiku wa manane. Safari moja ikifutwa katika majira hayo, pengo lake halizibwi kesho yake.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Silalamikii amri ya kuzuia safari, ile ambayo wenyeji huiita apagoreftiko, ambayo kwa kawaida huzifunga bandarini meli za abiria upepo unapofikia 8 katika kipimo cha nguvu ya upepo kiitwacho Beaufort. Nimezaliwa Pemba, na tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kuja kwetu, ikaondoka na mamia ya watu, wengine wao wakiwa watu niliowajua. Wenzangu wa Cyclades, kundi la visiwa ambalo Amorgos imo, wana kumbukumbu yao: tarehe 26 Septemba 2000 meli ya Express Samina iligonga miamba karibu na kisiwa cha Paros usiku wa upepo mkali, na watu wapatao 80 wakafariki. Mtu aliyepitia misiba hiyo hawezi kumwomba nahodha ang'oe nanga bahari ikiwa imechafuka. Afisa wa bandari anayezuia meli anafanya kazi yake, nami namshukuru.

Malalamiko yangu yanaanza pale upepo unapopungua. Amri ikishaondolewa, mara nyingi hakuna anayetuambia kwa uhakika kama meli iliyozuiwa itakuja usiku huo, itakuja kesho, au imerukwa kabisa ili ratiba ya kawaida iendelee. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, imekwisha kutuacha zaidi ya mara moja tukiamkia gatini alfajiri pamoja na watoto na mizigo kwa habari ya kusikia, kwa sababu wakala wake wa tiketi naye alikuwa hajapewa saa. Anayeumia zaidi ni mwenye lori la mboga na matunda, ambaye amelala foleni Piraeus huku bidhaa zikinyauka, na ambaye hasara yake huja kulipwa na mama anayenunua nyanya dukani.

Suala la matibabu, Mheshimiwa, ndilo linaloniuma kuliko yote. Kituo cha afya kipo Chora, mji mkuu wa kisiwa, na wahudumu wake wanatuhudumia kwa moyo. Vipimo vikubwa na madaktari bingwa, hata hivyo, hupatikana katika visiwa vya Naxos na Syros au Athens, na anayevihitaji lazima apande meli. Mjamzito hulazimika kuondoka kisiwani wiki kadhaa kabla ya kujifungua, akaishi kwa ndugu au kwenye chumba cha kupanga, huku mume na watoto wakubwa wakibaki nyuma kwa ajili ya kazi na shule. Mgonjwa wa saratani huondoka siku mbili au tatu kabla ya tarehe yake ya matibabu kwa kuogopa upepo, halafu hukaa tena siku kama hizo akisubiri meli ya kurudi, na gharama zote za kulala na kula zinatoka mfukoni mwake. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima anayeishi peke yake, alikosa miadi ya macho aliyoingoja kwa miezi kwa sababu meli hazikutoka, na hospitali ikamrudisha mwisho wa foleni kama mtu aliyepuuza miadi yake. Helikopta za dharura zipo, na marubani wake wameokoa roho nyingi, lakini zimewekwa kwa ajili ya mtu aliye katika hatari ya kufa. Haziwezi kumbeba mwenye miadi ya uchunguzi, ingawa uchunguzi huo ukicheleweshwa mara mbili au tatu, naye huishia kuihitaji hiyo helikopta.

Majira hayohayo ndiyo meli zinapoondolewa, moja baada ya nyingine, kwenda kwenye ukaguzi na matengenezo ya kila mwaka. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini njia huachwa wiki kadhaa bila meli inayolingana na ile iliyoondoka. Skopelitis, meli ndogo inayotuunganisha na Naxos kupitia Donousa, Koufonisia, Schinoussa na Iraklia, ndiyo inayotuwezesha kwenda kwa daktari au benki asubuhi na kurudi mchana huohuo, na watu wa visiwa hivi wanaipenda kwa haki. Kwa udogo wake, inalazimika kubaki bandarini mapema kuliko meli kubwa, na meli hiyo isipokuwapo, Naxos huwa mbali na sisi kama ilivyo Piraeus.

Ninatambua kwamba serikali haijakaa bure. Mpango wa mwaka 2018 wa kusawazisha gharama za usafiri hutupunguzia mzigo wa nauli, na huduma za serikali kwa njia ya intaneti zimetuondolea safari nyingi zilizokuwa za kufuata karatasi tu. Hata hivyo, nafuu ya nauli haimfai mtu asiye na meli ya kupanda. Katiba ya Ugiriki, katika kifungu cha 101, inawataka watunga sheria na watawala wazingatie hali ya pekee ya visiwa, na mimi sioni pa kuanzia kuitimiza palipo karibu zaidi kuliko gatini.

Kwa hiyo naomba, katika mikataba ya njia zinazolipiwa ruzuku, ambayo mwaka wake huanza tarehe 1 Novemba, kiwekwe sharti kwamba safari iliyozuiwa na upepo ifidiwe ndani ya muda uliotajwa baada ya amri kuondolewa, na kwamba saa yake itangazwe mahali pamoja panapojulikana, kwa ujumbe wa simu na kwenye mbao za bandari, ili hata mzee asiye na simu ya kisasa aipate. Ratiba ya baridi nayo itolewe mapema, kabla kiangazi hakijaisha, maana walimu wanaopangiwa shule zetu mwezi wa Septemba, na wagonjwa wanaopanga miadi, hawawezi kukisia. Meli inayokwenda kwenye matengenezo iachiwe mbadala unaoweza kubeba magari na kuhimili bahari ya Januari. Naomba pia uzungumze na mwenzako wa Wizara ya Afya, ili mkazi wa kisiwa mwenye cheti cha bandari kinachoonyesha kwamba meli zilizuiwa apewe tarehe mpya ya karibu bila kuanza foleni upya. Cheti hicho afisa wa bandari anaweza kukiandika kwa dakika chache.

Nitashukuru nikipata jibu lako kabla ya mikataba mipya kuanza, na kama halitakuwa na siri, naomba libandikwe Katapola na Aegiali ili wenzangu nao walisome.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Amorgos, mzaliwa wa Pemba