Daftari la kalamu ya wino: usichague kwa unene peke yake

Lalamiko tunalolisikia sana dukani hapa Mbeya ni hili: mtu amenunua kalamu nzuri ya nibu (ncha ya chuma inayopitisha wino), akaanza kuandikia kwenye kauntabuku ya kawaida, herufi zikaota ndevu na wino ukatokea upande wa pili. Mara nyingi kalamu haina kosa, tatizo ni karatasi.

Wino wa kalamu hizi ni maji yaliyotiwa rangi, si mzito wenye mafuta kama wa kalamu ya biki. Nibu ikigusa tu, nyuzi za karatasi huuvuta. Ili kuzuia hilo, kiwandani karatasi hutiwa wanga au dawa nyingine inayopunguza kunywa maji, na madaftari ya bei ya chini mara nyingi hutiwa kidogo. Kwa hiyo GSM, yaani gramu kwa kila mita ya mraba, haikwambii yote. Karatasi ya Tomoe River ya Japani ilipata sifa ikiwa na GSM 52 tu: maandishi ya nyuma unayaona kwa kivuli, lakini wino haupenyi. Rhodia ya Ufaransa ni GSM 80, na wino unatulia juu. Karatasi ya fotokopi nayo ni 80, ila zipo zinazokunywa wino vibaya sana.

Njoo na kalamu yako, ikiwa na wino uleule unaoutumia kila siku. Andika mistari miwili kwa mwendo wako, kisha tuliza nibu mahali pamoja kwa sekunde 3. Nukta ikiendelea kutanuka baada ya kuinua mkono, achana na daftari hilo. Geuza karatasi ujaribu na upande wa pili, maana pande mbili hazilingani siku zote. Mwisho pitisha kidole baada ya sekunde 10, halafu 20. Karatasi isiyokunywa wino huchelewa kukauka, kwa hiyo anayeandika muhtasari wa kikao na kufunga daftari hapohapo, au anayetumia mkono wa kushoto, tunamshauri achukue ya wastani, isiyoteleza mno.

Kama fedha inatosha kauntabuku tu, tumia nibu ya F (nyembamba) au EF (nyembamba zaidi) badala ya M (ya wastani) au B (nene), na uandike upande mmoja. Inafaa kabisa kwa kazi za kila siku.

Jambo moja la huku kwetu: Juni na Julai baridi inakausha ngozi na watu wanajipaka mafuta mengi. Mafuta ya kiganja yakishika karatasi, wino unaruka, yaani haushiki sehemu nyingine za herufi, hasa mistari ya chini ambako mkono umeegemea muda mrefu. Kabla ya kudhani kalamu ndiyo mbovu na kuiosha, weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, uanze ukurasa mpya. Masika nayo, usiegemeze madaftari kwenye ukuta wa saruji wala kuyalaza sakafuni. Karatasi iliyovuta unyevu husambaza wino hata kama ilikuwa nzuri ulipoinunua.