Tuandikieni mshahara wa saa, asilimia zimetuchosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hizi habari za uchumi umekua asilimia kadhaa zimenichosha, kila siku asilimia, halafu mtu aliyesimama kwenye mashine ukimuuliza anakwambia mbona mimi sijaona kitu. Mimi nasema ukitaka kujua nchi inaendaje uliza mfanyakazi wa kiwandani analipwa ngapi kwa saa.

Kwa saa jamani, sio kwa mwezi. Nilishawahi kuwa najaza daftari la mahudhurio kiwandani na nimeona slipu mbili zina hela ileile kabisa, kumbe mmoja alikuwa anatoka muda wa kawaida na mwenzake kapiga ovataimu mpaka Jumapili, sasa hao wanalipwa sawa kweli? Hata ile habari ya Henry Ford, yule mwenye kiwanda cha magari Marekani, ya Januari 1914 wengi wanaisimulia nusu. Wanasema alitoa watu kwenye dola 2.34 hivi kwa siku akawapeleka 5, sawa, ila na siku yenyewe aliifupisha kutoka saa 9 mpaka 8, kwa hiyo ukipiga kwa saa ni kutoka senti 26 kwenda 62 na nusu. Na wala haikuwa huruma, watu walikuwa wanaacha kazi kila kukicha na yeye ndo kwanza kafunga ule mstari wa kuunganisha magari ambao saa moja ya mtu ilikuwa inatoa mali nyingi kuliko zamani. (Tena karibu nusu ya hizo 5 ilikuwa bonasi, kampuni inatuma watu mpaka nyumbani kwako kuangalia unaishije. Tuyaache.)

Hapo ndo pointi yangu ilipo. Kiwanda kinashindana na viwanda vya nchi nyingine, hakiwezi kulipa saa moja zaidi ya inachozalisha miaka na miaka kikabaki wazi, kwa hiyo mshahara ukipanda na ukakaa huko juu ujue kuna mashine, umeme wa uhakika, ujuzi, na mara nyingi chama cha wafanyakazi kinachojua kubishana. Pato la taifa halina habari na hayo. Ireland mwaka 2015 ilitangaza pato limekua zaidi ya asilimia 26, kwa mwaka mmoja! Kampuni kubwa za nje zilihamishia hatimiliki zao za uvumbuzi huko kwenye makaratasi, basi, slipu ya mtu wa shifti ya usiku haikujua lolote.

Ila na nyie mkiichapa hiyo namba ya mshahara wa saa msiichape uchi. Takwimu za Marekani za mwaka 2011 ziliweka gharama ya saa moja ya mfanyakazi wa kiwandani, pamoja na bima na makato ya mwajiri, Norway dola 64 hivi, Marekani 35 na nusu, Philippines 2 tu. Mtu akisoma hivyo anadhani wa Norway anaishi mara 32, wakati bei za kwao nazo ziko juu na sarafu ina mambo yake. Yeni mwaka 1985 ilikuwa kama 240 kwa dola, 1988 ikafika 130 hivi, yani Mjapani hata asingeongezwa yeni moja kwenye jedwali la dola angeonekana kapandishwa karibu mara mbili akiwa amelala.

Na kuna mtego mwingine ambao ndo unanikera zaidi. Aprili 2020 wastani wa malipo ya saa Marekani, sekta binafsi yote, uliruka asilimia 4.7 kwa mwezi mmoja. Neema? Wapi, ukosefu wa ajira ulikuwa umefika asilimia 14.7, waliotimuliwa wengi ni wa kipato cha chini, wakabaki wanaolipwa vizuri na wastani ukapanda wenyewe.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri ni dogo tu, mkiweka jedwali la mishahara ongezeni safu mbili pembeni, moja ya watu wangapi wako kazini mwaka huu na mwaka jana, nyingine ya saa ngapi mtu anafanya kazi mpaka alipe kodi ya nyumba ya mwezi mmoja. Hata kwa herufi ndogo, tutasoma.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.