Shukeni naye mkekani: barua kwa kina mama wa Dodoma mliojifungua karibuni

Wanangu,

Hamjambo na watoto? Nawaandikia ninyi mnaolea mtoto wa kwanza hapa Dodoma, mbali na mama zenu. Tangu Serikali ihamie huku, nyumba za kupanga zimejaa mabinti waliotoka Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam. Mume anatoka alfajiri kwenda kazini Mtumba, arobaini ikiisha mama mzazi anapanda basi kurudi kwao, na binti anabaki na kichanga na simu. Mkija kwangu swali ni lile lile: "Bibi, nesi kaniambia nimlaze mtoto kifudifudi akiwa macho, lakini nikimgeuza tu analia kama kachomwa sindano. Nimeacha."

Msiache. Ila kwanza tuelewane kuhusu usingizi.

Kulala ni chali, usiku na mchana, mwaka wote wa kwanza. Sisi tulipokuwa tunalea tuliambiwa kinyume chake, kwamba mtoto alale kifudifudi au ubavu asije akapaliwa na maziwa, na mimi wanangu niliwalaza hivyo. Baadaye tukafundishwa kuwa watoto wanaolazwa kifudifudi ndio wanaofariki zaidi ghafla usingizini. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua sana. Kwa hiyo bibi au mama mkwe akikwambia umgeuze alalapo, mwambie kwa heshima kwamba kliniki wamekukataza.

Lakini tazameni siku ya mtoto ilivyo. Amelala chali, ameamka yuko chali, akisumbua anawekwa kwenye kile kiti cha kubembea, kisogo kikiwa kimeegemea tena. Kichwa laini cha mtoto kikikandamizwa upande mmoja kutwa kinakuwa bapa, na shingo haipati kazi ya kuikaza. Ndiyo maana anahitaji kulala kifudifudi akiwa macho, na wewe ukiwa hapo hapo unamwangalia.

Sasa kilio. Kichwa cha mtoto mchanga peke yake ni kama robo ya urefu wake wote. Mmewahi kumwona msichana siku ya kwanza anajitwika ndoo ya lita 20? Shingo inatetemeka, macho yamemtoka, hatua tatu anaomba atuliwe. Mtoto wako ndivyo alivyo pale chini. Analia kwa sababu mzigo ni mzito, na kesho atauweza kidogo zaidi ya leo. Mnapokosea ni kumwacha alie mpaka achoke, akidhani mkeka ni mahali pa adhabu. Akianza kuguna, mwongeleshe, mshike mgongo. Akizidi, mnyanyue. Hata dakika moja imehesabika.

Anza kifuani kwako, tangu siku za mwanzo, hata kabla kitovu hakijaanguka. Egemea mito, nusu umekaa nusu umelala, mlaze kifua chake juu ya kifua chako. Atainua kichwa kuutafuta uso wako, na huko ndiko kukaza shingo kwenyewe. Ila ukisikia usingizi unakuja, mweke kitandani kwake chali. Kusinzia kwenye kochi na mtoto kifuani ni hatari kubwa.

Kutoka kifuani, nenda mapajani: tumbo lake juu ya mapaja yako, kichwa ukikishikilia, mkono mwingine unamsugua mgongo taratibu. Halafu ndiyo mkeka.

Hapa Dodoma mkeka una masharti yake. Juni na Julai sakafu ya saruji inauma kwa baridi, na upepo unaleta vumbi hata ukifunga madirisha. Piga deki kwanza, tandika mkeka, juu yake blanketi lililokunjwa mara moja, basi. Msimweke kifudifudi kwenye godoro laini wala mto, pua inazama. Wakati mzuri ni akiwa ameshiba ila maziwa yameshatulia; ukimgeuza papo hapo baada ya kunyonya atacheua na kulia, na wewe utasema hapendi.

Mwezi wa saba jirani yangu mmoja alinijia akilia yeye kuliko mtoto. Kijana wake alikuwa na wiki saba. Nikachukua kanga, nikaikunja kama mwiko mnene, nikaipitisha chini ya kifua chake, makwapani, mikono ikatokea mbele. Nikamwambia mama, lala chini. Akashangaa. Nikamwambia lala kabisa, kidevu kwenye mkeka, uso wako uwe karibu na wake kiasi cha shubiri moja na kidogo, maana mtoto mchanga haoni mbali. Akalala. Mtoto akaguna, akakwaruza blanketi kwa vidole, paji la uso likakunjamana kama mzee. Mama akamwita. Kile kichwa kikapanda, kikayumba, udenda ukishuka mpaka kwenye kanga, macho yakakutana na ya mama yake. Kikaanguka. Kikapanda tena. Nadhani hakufikisha dakika mbili, lakini mama aliacha kulia.

Asipovutika na uso, mtandikie mbele kanga yenye mji wa rangi kali, nyeusi kwa nyeupe au nyekundu. Watoto wachanga wanazipenda rangi zinazopingana.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto asiyeanza kutambaa apate angalau dakika 30 kwa siku, zikiwa zimegawanywa. Msiogope hizo 30. Kila ukibadilisha nepi mgeuze dakika moja au mbili kabla ya kumvalisha. Nepi ni mara nane au kumi kwa siku, hapo mmeshapata kama dakika nane mpaka 20; zilizobaki mmalizie kifuani, mapajani na mkekani. Kubeba mgongoni kwa kanga kunasaidia shingo, nami napenda sana mtoto abebwe hivyo, ila mgongoni mikono haisukumi chochote. Mkeka unabaki na kazi yake.

Akisinzia kifudifudi, mgeuze chali. Mlango ukigongwa, nenda naye. Dada wa kazi naye mfundisheni haya yote, asije akamwacha mkekani akakimbilia ugali jikoni.

Kwa kawaida miezi miwili mtoto anainua kichwa akiwa kifudifudi, minne anajiegemeza kwa viwiko, sita ananyoosha mikono na anaanza kujipindua. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, mhesabieni umri tangu tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Lakini kama miezi minne imefika na kichwa bado kinaanguka, au mwili ni mlegevu mno au umekakamaa, au kila siku anageukia upande mmoja tu, msingoje siku ya chanjo. Chukueni kadi, nendeni kliniki kesho asubuhi, mwambieni nesi mlichokiona.

Walio jirani na Chang'ombe, mimi asubuhi niko nyumbani. Njooni na blanketi lenu, mkeka ninao.

Bibi yenu,
Dodoma