Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira: setelaiti haipiti jioni

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Gongo la Mboto kuomba vipimo vya hewa mitaani kwetu. Ni saa moja jioni, majiko ya mkaa yakipepewa kila kibaraza. Muuza chipsi kashawasha, jirani anachoma taka. Binti yangu ana pumu, kwa hiyo madirisha nimeshafunga, na joto la Dar unalijua.

Mwaka 2010 Aaron van Donkelaar na Randall Martin, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada, walitoa ramani ya dunia nzima ya vumbi laini, zile chembe, zikiwemo za moshi, zisizozidi upana wa maikromita 2.5. Unywele mmoja ni mnene kuliko chembe hiyo mara 30 hivi. Walitumia setelaiti, ikiwemo Terra ya Marekani iliyokuwa wakati huo kilomita 705 hivi juu yetu, kupima jinsi vumbi linavyofifisha mwanga. Kisha kompyuta ikakadiria kiasi kilichopo huku chini tunakopumua. Ni kazi kubwa. Sehemu nyingi zisizokuwa na kipimo hata kimoja zilionekana kwa mara ya kwanza.

Lakini Terra kwa miaka mingi ilipita saa nne na nusu asubuhi. Moshi wetu ni wa alfajiri na wa saa hii ninayoandika. Masika nayo, mawingu yakitanda, setelaiti haioni kitu.

Chembe hizi haziishii kooni. Zinafika ndani kabisa ya mapafu, nyingine zinaingia kwenye damu, ndiyo maana zinatajwa kwenye kiharusi, maradhi ya moyo, saratani ya mapafu na nimonia ya watoto. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachoshauri chembe hizi zisikizidi kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo ya hewa.

London, Februari 2013, mtoto wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki kwa pumu. Desemba 2020 afisa anayechunguza vifo alitamka kwamba hewa chafu ilichangia. Mama yake alipigania ukweli huo kwa miaka. Na ukweli ulipatikana kwa kuwa jirani na kwao palikuwa na kituo cha kupimia hewa. Mtaani kwetu sijakiona. Likitupata la kutupata, mimi nitashika ushahidi gani?

Ninachoomba ni vipimo kwenye shule na zahanati, Gongo la Mboto, Tandale, Mbagala, kwa kimo cha pua ya mtoto, vikisoma usiku na mchana. Namba zitangazwe redioni pamoja na utabiri wa hali ya hewa. Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, ila tuanze kupima sasa, moshi ukiwa bado upo, ili siku ukipungua tuone umepungua kiasi gani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Gongo la Mboto, Dar es Salaam